Mtoki wa Ntemi Maduhu

Selestine, mganga wa zahanati moja karibu na Kharumwa, alikuwa na ugonjwa asioujulia dawa: kusema kwa mifano. Mwaka ule wa themanini na tatu sungusungu, walinzi wa kijiji wenye pinde, walikuwa wamewafukuza wezi wa ng'ombe, na watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Basi naye akawaingiza sungusungu hadi kwenye damu.

Akina mama wa kliniki walielezwa hivi: mwili ukiwa mzima, walinzi wake, zile chembe nyeupe, hukaa wachache wachache katika kila nyama, na mmoja akifa mwenzake hugawanyika kushika zamu. Mwiba ukikuchoma, mwano unapigwa, lile yowe la kuita watu. Walinzi wanazaliana mbio, wengine wanakuja na damu, mahali panavimba na kuwaka moto. Usaha ni maiti za vita. Vita vikiisha, wa ziada hufa, wachache wanabaki.

"Mwili haumchinjii mbuzi mlinzi asiye na kazi," alimalizia, na akina mama walicheka huku wakitupia macho mlangoni.

Walikuwa na sababu. Wezi walishakwisha, lakini walinzi wa kijiji walizidi kuongezeka, kila jioni kwenye mji wa mtu mwingine, wakila. Aliyenung'unika alitozwa faini, na faini ilikuwa mbuzi.

Mkuu wao, Ntemi Maduhu, alikuja zahanati na uvimbe shingoni, mgumu, usiouma. Selestine hakuuminya sana. Nani aminye shingo ya Ntemi? Akamwambia ni mtoki tu, tezi iliyovimba, askari wake wamekusanyika. Loo, Maduhu alivyoupenda mfano ule. Kilabuni alifungua kola akawashikisha watu jeshi lake, na uvimbe ulipofikia yai la bata, alisema jeshi linakua.

Selestine akaanza kuogopa. Mtoki huuma, kisha huisha. Huu haukuuma wala haukuisha. Alikwishasoma kwamba saratani ni mwizi mzaliwa wa nyumbani: walinzi humzunguka na kuongezeka, lakini baadhi yao hulaghaiwa, wakawa wanamlisha na kumkinga. Naye alimpenda yule mzee, mkali kweli, lakini ndiye aliyewarudishia watu ng'ombe wao. Akamfuata barazani, maana faragha Ntemi hakuwa nayo, akamsihi aende Mwanza upesi, akamweleza sababu.

"Unasema askari wangu wanamlisha mwizi?" Maduhu aliuliza.

"Wa shingoni, Ntemi."

Baraza halikusikia neno la shingoni. Selestine alitozwa mbuzi, akamleta mwenyewe, na mbuzi akachinjwa palepale. Maduhu alitafuna kipande kimoja, kikakataa kupita kooni. Akakitema kiganjani, akakitazama, kisha akawatazama watu wake wanavyokula.

"Daktari," alisema polepole, "hivi mwizi wa mwisho tulimkamata lini?"

Hakuna aliyekumbuka.

Asubuhi Ntemi na Selestine walipanda lori la pamba kwenda Mwanza, wawili tu, bila upinde. Huko hospitali waliambiwa wamechelewa. Selestine alilia mbele za watu, akiulaani mfano wake mtamu.

Msibani kwa Maduhu walinzi walikuja wengi kuliko siku zote. Ng'ombe wawili hawakutosha, ikabidi mjane atoe wa tatu.