Tundu kwenye Fomu ya Mzigo

Mama yangu alikuwa amelazwa Tosamaganga, hospitali ya misheni kule Iringa, nami nimekwama Mbeya nasoma fomu kwenye simu ya upepo. Miaka ya sabini hiyo, kampuni ya malori. Dereva anajaza fomu, meneja anasaini bila kutazama, mimi naisomea Iringa neno kwa neno, na karani wa kule anatekeleza. Amri ilikuwa moja: kilichoandikwa kisomwe, kilichosomwa kifanywe. Karani yule aliishika kama katekisimu.

Basi dereva wetu mmoja, Mnyakyusa mwenye maneno mengi, akagundua tundu. Chini ya saini ya meneja palibaki nafasi. Akitoka ofisini kuja kwangu, njiani anaongeza: dereva apewe kuku wa kuchoma. Nami nasoma, Iringa wanachoma. Mwezi mzima jamaa alikula kuku wa kampuni, mimi nikidhani meneja siku hizi ana huruma.

Meneja alipojua, kidole alininyooshea mimi. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa nikamwone mama. Akasema, "Ziba matundu kwanza, ndipo uende."

Hasira niliyokuwa nayo! Kuku ale mwingine, mfungwa niwe mimi. Nikaanza kupiga mstari wa mshazari chini ya kila saini. Wiki haijaisha, penye jina la dereva nikakuta jina lake, kisha "ambaye apewe blanketi mbili kwa baridi ya Makambako." Looo! Nikachora visanduku, kila herufi na chake, jina likiisha basi. Akahamia kwenye namba ya gari. Huko nako nikambana. Mwisho nikaweka sheria kwamba asiyesomwa hewani hapandi lori. Meneja akafurahi, akanipa ruhusa na lori la kesho asubuhi.

Asubuhi nikaisoma safari yangu mwenyewe. Karani wa Iringa akauliza abiria kaandikwa kisanduku gani. Hakuna. Sikuwa nimemwachia abiria hata kimoja.

"Basi dada, hayumo kwenye fomu. Hapandi. Ova."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikaa pale nikalia kama mtoto, sina hata aibu.

Yule dereva akanikuta hivyo. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akachukua kalamu. Sehemu ya mzigo nilikuwa nimeiacha wazi, maana mizigo ni ya kila aina. Akaandika: "Karani mmoja. Analia. Usirushwe. Ufikishwe Tosamaganga kwa mama yake."

Nikausoma hewani kwa sauti yangu mwenyewe. Iringa wakajibu kwamba sawa.

Jioni karani yule alinipokea getini, akanisainia kama gunia la mahindi, akanitafutia gari la kwenda misheni. Mama nilimkuta amekaa kitandani. Akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikamshika mkono.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi. Sehemu ya mzigo sikuigusa.