Asali Ilivyomgandia Beka

Leo nimemwacha Beka aaibike, na sijutii.

Tulikuwa tukihudumu kaunta moja ya baa hapa Tabora. Kokteli yangu ya asali na ukwaju akamwambia meneja kaibuni yeye, akapandishwa cheo. Mimi nikahama baa.

Mchana huu nimealikwa harusini, kumbe sherehe ni pale pale kwenye baa ya kina Beka. Bibi harusi akaiomba ile kokteli.

Beka akamimina asali juu ya barafu. Ikaganda kama gundi. (Hulainishwa kwanza kwa maji moto, jamani.)

Akaninong'oneza, "Dada Pili, nisaidie."

Nikamjibu kwa sauti, "Si umeibuni wewe, kaka?"

Meneja akatutazama wote wawili. "Pili, ingia kaunta."

Nikavua viatu virefu, nikachanganya.

Beka ndiye aliyeosha glasi.

Mnaotaka nimsamehe, semeni taratibu. Bado nafurahia.