Bihogo Aliinua Kichwa

Alain alilelewa na ng'ombe. Mama alikuwa naye, tena mama mkali, lakini huko kwao Burundi baba yake alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, na kila jioni aliwapokea zizini kwa kuwasifia mmoja mmoja, kwa jina, kwa sauti ya juu. Ng'ombe asiyesifiwa, mzee alisema, hujiona mgeni nyumbani kwake. Basi Alain alipopata kazi ya kutunza farasi Shongweni, nje ya Durban, akakabidhiwa jike mmoja wa rangi ya hudhurungi, hakujua njia nyingine ya kuishi naye. Kwenye mashindano farasi huyo alikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo ulimi wa Alain uligoma kulitamka. Akampa jina wanalopewa ng'ombe wekundu wa kwao: Bihogo.

Kila asubuhi akishamsugua, alisimama mlangoni pa banda akamsifia kwa Kirundi: Bihogo binti wa wafalme, Bihogo mwenye kwato za ngoma. Kisha karoti. Bihogo aliyazoea maneno hayo hata akawa akiyasikia tu, anainua kichwa, masikio yote mbele, anamtafuta.

Mkewe, Estella, alikuwa fundi cherehani katika fleti yao ya Greyville, ng'ambo tu ya uwanja wa mbio. Alain akirudi nyumbani Jumapili, swali lilikuwa lile lile.

"Na mke mwenzangu, iko aje?"

"Iko sharp. Amekusalimia."

"Muongo wewe," Estella alisema akimwongezea maharage.

Mwaka huu Bihogo aliingizwa katika zile mbio kubwa za Julai. Mark, mkufunzi wake, hakumficha Alain: wenye farasi walikuwa wamechoka kungoja ushindi. Akishinda, atabaki akimbie mwaka mwingine. Asiposhinda, anauzwa kwa shamba la kuzalisha farasi, mbali huko bara, chini ya milima ya Drakensberg. Wiki ile Alain alilala mlangoni pa banda. Estella alifunga na kumwombea farasi, jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mchungaji.

Siku ilipofika, Greyville ilifurika kofia za manyoya na viatu visivyotembeleka. Alain akamkabidhi Bihogo kwa mpandaji, akasogea uzioni karibu na mstari wa mwisho. "Leo funga mdomo," Mark alikuwa amemwonya, "usimshtue." Naye aliahidi kwa moyo wake wote.

Farasi wakatoka kwenye kona ya mwisho wakiwa wamebanana. Bihogo akapenya katikati yao, akawaacha wote isipokuwa dume moja jeusi, wakaja bega kwa bega. Alain akauma ulimi. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mstari ulipokaribia, sauti ya baba yake ikamtoka kifuani: "Bihogo! Bihogo binti wa wafalme!"

Wakapita pamoja. Umati ukatulia kungoja picha ya kuamua mshindi, nayo ikaja kwenye skrini kubwa. Dume jeusi lilikuwa limenyoosha shingo, pua mstarini. Bihogo alikuwa kichwa juu, masikio yameelekea uzioni. Ameshindwa kwa pua.

"Farasi akikimbia huinua na kushusha kichwa kila hatua," Mark alimwambia baadaye. "Ni bahati tu, Alain." Alikuwa mtu mwema, Mark. Lakini masikio yale Alain aliyajua.

Alilia mbele ya Estella bila kuona haya. "Ni mimi. Nimemuuza mwenyewe."

"Ulimwita, akaitika," Estella akasema, akikilaza kichwa cha mumewe begani pake. "Eish, baba. Iko wanaume wanaita wake zao miaka yote, hawaitikiwi."

Lori la shamba likaja wiki iliyofuata, na ndani yake mtunzaji mpya, Baba Bhengu, Mzulu mwenye mvi. Bihogo akagoma kupanda. Wakambembeleza, wakamvuta, miguu ya mbele kama imepandwa ardhini. Alain angeweza kumpandisha kwa neno moja, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini akilisema yeye, huko milimani nani atamwita?

"Baba," alimwambia Bhengu kwa Kizulu chake cha kuokoteza, "ana maneno yake. Unayasema kwa nguvu, kama kwa ng'ombe."

"Ng'ombe?" Uso wa mzee ukafunguka. "Baba yangu alikuwa akiwaimbia ng'ombe wake."

Basi wakarudia pamoja, kipande kwa kipande, Kirundi kikikwaruzwa na ulimi wa Kizulu, mpaka kikakaa. Alain akamwachia karoti mkononi, akaenda nyuma ya banda asikoonekana. Bhengu akaita.

Alain akachungulia pembeni mwa ukuta. Bihogo alikuwa ameinua kichwa, masikio yote mbele, anamtazama mzee. Akapiga hatua ya kwanza kuelekea lori, kisha ya pili. Na Alain, nyuma ya ukuta, aliuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, asije akamwita.