Uji Ulioonjwa na Mwanamke Mwingine

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinilainishie neno. Yule mwanamke sikumpenda, na hata leo simpendi.

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Babu yako alikuwa ameugua akili, akaamini kwamba sisi wa nyumbani tunamtilia sumu. Askari walimkuta kwenye mibuni ya Mzungu akigombana na miti, hana kipande cha kujitambulisha, wakamfungia katika kituo cha Ruiru. Nilimpelekea uji kila siku, na kila siku aliugeuzia kisogo.

Lakini uji wa mpishi wa kituo, mjane kutoka Ukambani, aliunywa hadi tone la mwisho. Mjane huyo alionja kwanza mbele yake, kama tunavyomwonjea mgeni ili ajue hana la kuhofia. Kisha alimwita "mzee wangu", naye babu yako akatabasamu. Tabasamu lile mimi sikuwa nimeliona tangu mavuno ya mahindi ya msimu uliotangulia.

"Onja na wewe, mama," sajini wa kituo alinishauri.

"Mgeni ndiye huonjewa. Nikimwonjea mume wangu, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mchawi."

"Basi kaa na heshima yako, yeye akae na njaa," mjane akadakia, huku akimpangusa ndevu kwa leso yake. Kwa leso yake mwenyewe!

Hatimaye daktari akaja kutoka Thika. Kama angeona kwamba mgonjwa hawezi kutunzwa nyumbani, angempeleka hospitali ya wenye wazimu, Nairobi, na sikumjua mtu aliyerudi kutoka huko. Alitaka kumwona akila kwa mkono wa mkewe. Nikamimina uji. Babu yako akarudi nyuma hadi ukutani. Daktari akatikisa kichwa.

Nikaonja. Mbele ya sajini, mbele ya daktari Mzungu, mbele ya mwanamke yule, nilikinywea kibuyu changu mwenyewe kama mtuhumiwa, kisha nikamnyoshea mume wangu. Hakunitazama. Alimtazama mjane. Mjane akaitikia kwa kichwa, ndipo babu yako akanywa.

Wakanikabidhi mume wangu. Tulipovuka reli akaniuliza, kwa sauti tulivu kabisa:

"Na yule mama atakuja lini?"

"Tembea," nikamwambia.