Mita Saba za Kamba

Mwalimu alileta suruali ya kutiwa viraka, na Fundi alipoikunjua mezani alijua kabla ya kuambiwa. Magotini kitambaa hakikuchanika kwa kuanguka. Kilikuwa kimesagika na kulainika kama kilichopigwa msasa, na ndani ya mfuko mlikuwa na unga mweupe, mwepesi kuliko chaki ya ubaoni.

"Wewe unapanda miamba," Fundi alisema.

Mwalimu alikuwa mwanamke kama yeye, wa miaka thelathini hivi, anafundisha hesabu shule ya jirani. Alicheka. "Umejuaje?"

"Nilipanda miaka sita, kisha nikaacha."

"Kwa nini ukaacha?"

"Nilimwangusha kaka yangu."

Alitamka hivyo bila kutetereka, kama anayetaja mtaa anaokaa. Kwa miaka kumi na miwili jibu lake lilikuwa hilohilo.

Ilitokea Jumamosi moja kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji, penye ukuta wa mwamba wa mita ishirini na nane. Kaka yake alikuwa amefika juu, kamba imepitishwa kwenye pete ya chuma kule kileleni, na Fundi yuko chini akimteremsha polepole, kamba ikipita kwenye kifaa cha kuibana kilichofungwa kiunoni pake. Macho yalikuwa kwa kaka, si kwa kamba. Ghafla viganja vikaungua, kisha vikawa vitupu. Kaka akadondoka kimo cha watu wawili juu ya mawe na kuvunjika nyonga.

Ukuta ule walikuwa wameupanda mara zisizo na idadi kwa kamba ileile ya mita sitini, na kila mara kamba ilibaki chini. Haikuwezekana kwamba kamba iliisha. Basi kilicholegea ni mikono yake. Fundi mwenyewe ndivyo alivyopiga hesabu, na hakuna aliyemkosoa. Kaka, akiwa kitandani na vyuma nyongani, aliwaambia ndugu, "Msimlaumu sana. Naye ni binadamu." Wakamsifu kwa moyo wake mkubwa.

Fundi alimwogesha miezi minne, akampikia, akamshika mkono alipojifunza kutembea kwa mkongojo. Viatu vyake vya kupandia akavitupa stoo kwa baba yao. Na kila ndugu walipokusanyika, mtoto mchanga akipitishwa mkono kwa mkono, shangazi yao hakukosa la kusema: "Huyo mpeni bakuli la plastiki, likianguka halivunjiki." Watu wakacheka. Fundi naye alicheka, maana angefanya nini?

"Njoo nasi Jumamosi ya wiki ijayo," Mwalimu alimwambia. "Kamba tunazo. Ya zamani, kama bado unayo, usiiamini hata kufungia mbuzi."

Fundi alisema atafikiria, na kesho yake akaenda kuchukua viatu. Kamba ya siku ile nayo ilikuwa humo stoo ukutani, imening'inia kwenye msumari. Alitaka kuiacha, kisha ufundi ukamshinda: kamba imara namna ile ingetoa mishikio mizuri ya mikoba. Akaibeba hadi kibandani pake pa kushonea.

Meza yake ya kukatia ilikuwa na urefu wa mita mbili kamili. Alilaza kamba ukingoni na kuhesabu ili ajue itatoa mishikio mingapi. Alitarajia urefu wa meza mara thelathini. Ilitoka mara ishirini na sita na nusu.

Akapima tena. Mita hamsini na tatu. Kupanda ukuta ule na kushuka tena kulitaka hamsini na sita.

Akashika ncha zote mbili. Moja ilikuwa na muhuri wa kiwandani. Nyingine ilikatwa kwa kisu, ikachomwa moto isifumuke, kisha ikazungushiwa utepe wa kijani, ule ambao kaka yake hufungia nyaya dukani kwake. Fundi alivuta kiti akakaa.  Hakuhuzunika; hasira ilimpanda, akaona mbele yake uso wa shangazi akicheka, na uso wa kaka akicheka pia, pembeni, kwa adabu.

Hakungoja. Alifunga kibanda adhuhuri ileile, wateja wawili wakimwita nyuma, akaenda kwenye duka la vipuri vya pikipiki la kaka yake. Yeye ambaye hakuwahi kumpita bila kumwamkia, siku hiyo salamu hakutoa. Aliitupa ile kamba juu ya kaunta, katikati ya minyororo na plagi.

"Uliikata lini?"

"Kamba gani tena hii?"

"Usinizungushe, kaka. Lini?"

Kaka alitazama ule utepe wa kijani. Akamwambia mteja aliyekuwa akichagua taa arudi baadaye, akangoja atoke.

"Ncha ilikuwa imechakaa," alisema. "Niliikata kwa usalama wetu."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Tukapanda Jumamosi."

"Nilitaka kukwambia asubuhi yake. Nikapitiwa."

"Hapo nakuelewa. Mtu hupitiwa. Hata fundo la kuizuia kamba isichomoke hatukufunga mwishoni, na hilo ni kosa letu wote wawili. Lakini hospitali? Nyumbani, nikikusugua mgongo? Ulipitiwa miaka kumi na miwili?"

Kaka alikaa juu ya kopo la oili. "Ningesema nini? Nimelala nimevunjika, kila mtu ananionea huruma, halafu niseme nimejikata mwenyewe?"

"Ukaona heri unikate mimi."

"Wewe ulikuwa mzima, mdogo wangu. Nilidhani yatasahaulika."

"Nani alisahau?" Sauti ya Fundi ilipanda hadi fundi wa gereji ya jirani akachungulia. "Mtoto wa dada yetu ana miaka minane, hajawahi kupakatwa na mimi! Niliogopa! Mimi mwenyewe niliiogopa mikono yangu, na wewe ulijua!"

Kaka alifunika uso kwa viganja. Fundi alisubiri aone kama atamhurumia, akakuta hamhurumii hata kidogo.

"Jumapili tunakutana kwa Baba," alisema. "Utasema, mbele ya wote."

"Baba ana presha."

"Niliposemwa mimi haikupanda. Itavumilia."

Jumapili kaka alisema kweli, ila aliisema kama mtu anayemeza kidonge: haraka, macho chini, "kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu urefu wa kamba." Fundi alimkata kauli.

"Kutoelewana na nani? Mimi sikuambiwa kitu. Sema vizuri."

Kaka akasema vizuri.  Shangazi alikuwa wa kwanza kupata ulimi: "Haya, mbona ni ya zamani hayo! Na sisi tulikuwa tunatania tu."

"Shangazi, mkuki kwa nguruwe."

 Baba, ambaye hakupenda sauti kubwa nyumbani kwake, aliinua mkono. "Wanangu, yaliyopita si ndwele. Ndugu yako amekiri. Mpe mkono, yaishe."

"Baba, nakuheshimu," Fundi alisema, na machozi ya hasira yalikuwa yamemfika, "lakini ndwele ni yangu mimi, na haijapita. Mmenipa miaka kumi na miwili ya kosa lisilo langu, halafu mnataka ndani ya dakika kumi niwe nimepoa? Mkono sitoi. Nikitaka kuutoa nitautoa mwenyewe."

Akabeba mkoba wake akaondoka. Wifi yake, mke wa kaka, alimfuata hadi barazani. "Hata mimi hakuniambia," alisema kwa sauti ya chini. "Leo hii na mimi nitakuwa na maneno naye." Hilo peke yake ndilo lililomfariji siku ile.

Jumamosi alikwenda machimboni. Ukuta ulikuwa uleule, ila vichaka vimeota chini. Alifunga mshipi, akavaa viatu vilivyokauka kama maganda ya muhogo, akaufuata mwamba kama anayekwenda kugombana nao. Hasira ilimpandisha mita sita. Mwili wa miaka arobaini na mbili ukakataa hapo: mikono ilijaa uchovu, vidole vikafunguka vyenyewe, akabaki akining'inia kwenye kamba na kuutukana mwamba, kaka yake, na nyama za kiuno chake.

"Unavuta mno kwa mikono," Mwalimu alimwambia alipomshusha. "Miguu umeisahau?"

"Nimesahau mengi."

"Haya, zamu yangu. Nishike."

Fundi alimtazama. Hapo ndipo alipokuwa amepaogopa wiki nzima, si kule juu. Alifunga fundo mwishoni mwa kamba, akalikaza, akalikagua mara tatu. Kisha akapitisha kamba kwenye kifaa kiunoni, na Mwalimu akaanza kupanda, mwepesi, akiongea peke yake.

Akafika kileleni. "Nishushe!"

Kamba ilianza kupita viganjani, yenye joto lilelile. Fundi aliitazama kamba, akamtazama Mwalimu, akaitazama kamba. Alimshusha taratibu mno hata Mwalimu akauliza kutoka juu kama amelala.  Meno alikuwa ameyauma. Alikuwa akifikiri kwamba hii ni kazi rahisi. Kwamba aliijua, siku zote aliijua, na kwamba Jumamosi zaidi ya mia sita alikaa nyumbani akijiona mtu asiyefaa kukabidhiwa chochote.

Mwalimu alikanyaga chini, akafungua fundo lake. "Asante," alisema tu, kama mtu aliyepishwa mlangoni, akaanza kutafuta chupa yake ya maji.

Simu ya Fundi ililia ndani ya mkoba. Alikuwa kaka, mara ya nne tangu Jumapili. Akaiacha ilie hadi ikachoka. Kisha akajipaka unga viganjani, akasimama chini ya mwamba, na safari hii akaanza kwa kutafuta pa kuweka mguu.