Bidoni Nzima

Wakati ule wa vita, kati ya Beni na Butembo, kilichotuchosha kuliko risasi ni bariere. Kila kamba iliyofungwa barabarani ilikuwa na wanajeshi wake, na wanajeshi hao walikuwa na gari lao bovu. Wakiona bidoni, dumu letu la mafuta ya injini, chini ya kiti chetu, safari ya bidoni iliishia hapo.

"Papa, leta iyo bidoni. Sisi njo tunabachunga."

Baba aliitoa, eti malipo ya kulindwa nao. Gari letu lilikuwa la kizee, linakunywa mafuta ya injini kama mlevi, na bila bidoni lilirudi nyumbani Mulekera, palepale Beni, likigonga chuma kwa chuma.

Ndipo madereva wakabuni ujanja: usibebe bidoni, yafiche mafuta yake ndani ya injini. Hakuna mwanajeshi atakayelala matopeni kufungua kizibo. Waliozidisha kidogo walifika salama, wakatamba. Akiba haiozi, walisema.

Asubuhi moja mama, mwenye mimba ya miezi minane, alianza kutoka damu. Daktari tuliyemjua Beni alikuwa amekimbia, kwa hiyo ilibidi tufike Butembo. Kwa hofu ya kukwama njiani, baba alimimina bidoni nzima. Kijiti cha kupimia kilitoka kimelowa hadi juu kabisa ya alama. Alikifuta akakirudisha, kana kwamba alama ile iliwekwa na watu wasiojua vita.

Lakini injini nayo haijui vita. Mafuta yakizidi, vyuma vinavyozunguka chini huyafikia na kuyapiga mpaka yawe povu, na povu halilainishi kitu. Kwenda Butembo ni kupanda. Tulipoanza mlima, moshi wa buluu ulitufuata, mama akakohoa juu ya godoro tulilomtandikia nyuma. Kisha sili, mipira inayozuia mafuta yasivuje, zikaachia, mafuta yakamwagika barabarani, akiba yetu yote. Injini ikagonga, ikanyamaza.

"Moteur imekufa," baba alisema.

Watu waliokuwa wakilima walitua majembe, wakakata miti, wakafunga kipoyi kwa vitenge, wakambeba mama kwa zamu. Kwetu mgonjwa hapiti kando ya shamba la mtu bila kupokelewa begani. Mbele tukakuta bariere. Kamba ilikuwa imelala chini na vibanda vitupu. Wanajeshi walikuwa wameshahama. Baba alisimama akiitazama kamba ile mpaka nikamvuta mkono. Siku hiyo nilimchukia kila mtu, hata yeye.

Tulifika hospitali jioni. Mtoto alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kike.

Baba alikaa kando ya kitanda, mikono ingali myeusi kwa mafuta. "Ni mimi njo nilimuua," alirudia. "Ni mimi, na ile mafuta."

Mama akafungua macho. "Hapana, Baba ya batoto. Mutoto aliacha kucheza tangu siku ya soko. Niliogopa njia, nikanyamaza."

Baba alilia, kisha akalala palepale sakafuni, amechoka kama sisi sote tulivyochoka miaka ile.

Lakini asubuhi ya siku ileile, nilipokuwa nikimfunga mama kitenge kabla ya safari, mtoto alinipiga teke kiganjani. Tulicheka sote wawili. Sasa mama alinitazama juu ya kichwa cha baba, nami teke lile sijamwambia baba hadi leo.