Jina Ambalo Mama Halitamki

Tovuti moja inasema jina langu la mwisho ni la Kiitaliano, ni adimu, na asili yake ni bonde moja la kaskazini chini ya milima yenye theluji. Inatoa maana tatu. Huenda lilikuwa jina la watu walioishi ng'ambo ya daraja. Huenda lilitokana na kazi ya kuchoma mkaa. Huenda mtu mmoja mweusi wa nywele alitaniwa hivyo, na utani ukawaganda wajukuu zake. Chini ya maelezo kuna ramani ya dunia yenye nukta nyekundu kila mahali jina linapopatikana. Nyingi zimerundikana kwenye bonde hilo, chache ziko Argentina, mbili tatu Australia, na moja iko peke yake Tanzania, nyanda za juu kusini. Hiyo, inasema tovuti, ni familia ya Kiitaliano iliyohamia Afrika.

Nukta hiyo ni sisi. Hatukuhama kutoka popote. Tangu nisome sentensi hiyo, hata zile maana tatu siziamini.

Habari niliyosimuliwa nyumbani ni hii. Babu alibatizwa akiwa kijana mkubwa, tayari ana ndevu. Padri Mwitaliano ndiye aliyemfundisha kufyatua na kuchoma matofali, kwa hiyo alipoulizwa anataka jina gani, hakutaja mtakatifu yeyote. Alitaja jina la padri. Watu pale misheni walimjua padri kwa jina la ukoo wake tu na wakadhani ndilo la ubatizo. Katekista akaandika. Baadaye baba akazaliwa, kisha mimi, na kwa desturi yetu ya majina matatu, la babu likakaa mwisho kwenye pasipoti yangu. Ushahidi wa habari hii sina.

Ninachokijua kwa masikio yangu ni kwamba mama hajawahi kulitamka. Kwetu mkamwana hataji jina la baba mkwe. Fomu zangu za shule alizijaza baba, na baba alipofariki, mama aliisukuma fomu mezani kuelekea kwangu akasema, "Malizia hapo chini." Babu alifariki kabla sijazaliwa, na kwa kuwa nalibeba jina lake, mama huniita baba mkwe. Huku Sydney jina hilo hilo huitwa kwa sauti kwenye kliniki, benki na ofisi ya chuo, na kila mara mtu hunyanyua macho, akamtafuta Mwitaliano nyuma yangu.

Mwaka jana, nikiwa namalizia shahada ya pili, nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Merrylands. Asubuhi ya wiki yangu ya kwanza mzee mmoja alishika kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu, akakisogeza kwenye miwani yake, akasoma jina. Halafu akanionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni pake. Lilikuwa lile lile.

"Umetoka wapi?" aliniuliza.

"Tanzania."

"Baba yangu alikuwa na kaka yake padri. Alikwenda Afrika. Hakurudi."

Nikamwambia Afrika ni kubwa. Akasema anajua, alishaiona kwenye ramani.

Alikuwa amefika Australia akiwa na miaka ishirini, akafanya kazi ya zege hadi magoti yakakataa. Hakuwa na mtoto. Dada yake alikuwa amefariki. Ndani ya wiki mbili nyumba nzima ilijua kwamba mimi ni ndugu yake wa Afrika. Akawa hali uji mpaka niingie zamu. Muuguzi wetu, dada wa Kikenya asiyeweza kupitwa na jambo, alinifurahia sana.

"We Mtaliano," alikuwa akinipigia kelele kutoka mwisho wa korido, "budako, huyu mzee wako, amekataa breakfast tena. Kuja umuongeleshe hiyo Kiroma yenu."

"Dada, mimi ni mtu wa Iringa."

"Iringa ya Milano, ama gani?"

Nilicheka, lakini jambo lenyewe lilinisumbua. Kila asubuhi mzee aliniuliza habari za watu wetu, na kila asubuhi nilimjibu kwamba ni wazima. Ningekuwa mtu wa kuamini mambo bila ushahidi ningesema hakuna ubaya. Siku moja, nikiwa namfunga kamba za viatu, nilimwambia yote: padri, matofali, katekista. Nikamwambia sisi si damu moja, jina tulipewa tu.

Alininyooshea mguu wa pili.

"Basi kabla ya hapo babu yako aliitwa nani?"

Nilimtazama. Nimesoma miaka yote hiyo, nimebishana na walimu, mapadri na wajomba, na swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu. Baba angelijua jibu, lakini alifariki nikiwa kidato cha pili. Mashangazi wamekwisha mmoja mmoja. Nilimjibu kwamba sijui, na nilipolisikia neno hilo likitoka nikatamani ghafla kuwa nyumbani, kwenye kiti cha jikoni, niulize kabla hajaondoka mtu mwingine.

Siku hiyo nilimpigia mama nikiwa stesheni nasubiri treni. Huku ilikuwa saa tisa alasiri, kwao saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba mkwe. Umekula?"

"Nimekula. Mama, babu kabla hajabatizwa aliitwa nani?"

Nikasikia akiweka sufuria chini.

"Dada yake alikuwa akija kututembelea, alimwita kwa hilo. Nilikuwa nawapikia, nasikia."

"Kwa hiyo unalijua."

"Nalijua."

"Litaje."

"Nitalitajaje, mwanangu?"

"Mama, babu amekufa miaka thelathini."

"Kwako amekufa. Kwangu bado ni mkwe."

Nilibishana. Nilimwuliza ni nani atakayemwadhibu. Nilimwuliza sheria hiyo inamlinda nani, mbona wanaume haiwahusu kwa namna hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka treni ikaingia. Kisha akasema, "Njoo, ukifika tutatafuta njia." Alijua kwamba siwezi kwenda. Karatasi zangu za ukaazi bado ziko mezani kwa mtu, na nikitoka nchini kabla hazijajibiwa huenda nisirudi. Kati ya Merrylands na Glenfield nilikaa nikitazama paa za nyumba, nikifikiri kwamba jina zima la mtu limebaki kwenye kinywa kimoja, na kinywa hicho hakiruhusiwi kulitoa.

Kesho yake nilimweleza mzee. Nilidhani atacheka.

"Mama yako anajua kutunza kitu," alisema. "Langu kila mtu anaruhusiwa kulisema, na mimi nikiondoka hakuna wa kuitwa."

"Nipo mimi," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ushahidi ulikuwa ule ule wa jana.

Siku tisa baadaye, simu yangu ikiwa mfukoni na mimi nikigawa chai, ulikuja ujumbe wa sauti kutoka kwa mama. Niliingia chumbani kwa mzee, nikaufungua hapo hapo.

Kwanza ni sauti ya mama: "Nimekuandikia kwenye karatasi. Nimeona kuandika si kutamka. Binti wa jirani atakusomea." Kisha, kwa mbali, "Subiri nitoke kwanza." Ndala zinaburuzwa sakafuni. Mlango wa bati unakwaruza, unafungwa. Kuku wanalalamika uani. Halafu msichana nisiyemjua, kwa sauti ya mtoto wa darasani, analisoma jina la babu yangu, anakosea, analisoma tena.

Mzee alitaka kurudia. Nilirudia. Alilijaribu kwa ulimi wake na likamshinda katikati, akalijaribu tena.

"Lina maana gani?"

"Mama hajui. Hakuwahi kuuliza."

Akatikisa kichwa, akaomba chai yake.

Jina hilo sitaliandika hapa, kwa sababu mama husoma ninachoandika, hukisoma kwa sauti, na sitaki afike mahali ashindwe kuendelea. Ninalo kwenye simu. Njiani kurudi Campbelltown, ninakoishi, huufungua ujumbe ule karibu kila siku, na mara nyingi huuzima kabla msichana hajaanza kusoma. Nikishasikia zile ndala zikielekea mlangoni, inatosha.